Gesi Isiyoua

Kyela mjini, ukishapita maduka ya wanunuzi wa kokoa na kabla hujafika mashine ya kukoboa mpunga, kuna benchi la chuma lenye mguu mmoja mfupi. Aliko fundi alilichomelea mwenyewe, akaahidi kwamba huo mguu atauongeza kesho, na kesho yenyewe hadi leo haijafika. Hapo ndipo kijiweni. Upande mmoja ni kibanda cha Aliko, upande wa pili ni jiko la mkaa la mkewe Anyisile, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Tusajigwe, pamoja na karai lake la mihogo na birika la kahawa ya tangawizi. Tangu Alhamisi birika hilo lina bonde ubavuni, utadhani limepigwa teke na ng'ombe. Si ng'ombe, jamani, ni mfuniko wa pipa la kabaidi. Aliko alikuwa akijitengenezea gesi kienyeji: mawe ya kabaidi ndani ya pipa, maji juu yake, gesi inachemka inatoka, yeye anawasha tochi ya kuchomelea anaunga ekzosi za bajaji. Alhamisi pipa likachoka kuvumilia. Mfuniko uliruka, ukagonga birika, ukatoboa bati la kibanda na kwenda zake, na Aliko akabaki hana nyusi. Anyisile hakulia wala hakupiga kelele. Alisema hivi: “Baba Tusajigwe, chagua gesi isiyoua. Ukishindwa, mimi na birika langu tunahamia njia ya Matema, maana sitaki kuwa mjane huku nimeshika vikombe.”

Basi leo ndiyo siku yenyewe ya kuchagua, na ndiyo sababu benchi limejaa tangu asubuhi. Hakuna aliyealikwa.

— Ugonile, Mama Tusajigwe, alisema Mzee Lameck akishusha makalio polepole upande wa mguu mzima. Yeye wanamwita Katiba, kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya shamba la migomba, na tangu hapo hakuna jambo asilolitolea hukumu.

— Ndaga, baba. Kahawa hii hapa. Ila nakuomba, leo mwache fundi aamue mwenyewe.

— Aamue peke yake? Penye wengi hapaharibiki neno, mwanangu.

Anyisile alitazama tundu la bati juu ya kibanda. Hata Alhamisi walikuwepo wengi.

Chini ya hilo tundu, mitungi miwili mirefu ilisimama imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Wa rangi ya damu ya mzee ulikuwa na asetilini, ile gesi ileile itokayo kwenye kabaidi, ila hii imejazwa kiwandani na kuletwa kutoka Mbeya. Aliko aliusimamisha tangu jana, akamkataza kila mtu hata kuuegemea. Wa pili, mweusi, ulikuwa wa oksijeni, ile inayochanganywa na gesi yoyote utakayochagua ili moto upate ukali. Huo wa pili hakuna aliyekuwa na habari nao.

— Mimi nawaambia, asetilini ndiyo moto wa kiume, alisema Hebroni, dereva wa bajaji. Wanamwita Injinia, kwa kuwa zamani alikuwa utingo wa lori la kubeba mitungi. Hadi Tunduma tumeibeba hiyo, aliendelea. Gesi ya jikoni ni ya maharage, braza. Utaungaje chuma na moto wa maharage?

— Gesi ya jikoni ni rahisi na inapatikana kila duka, alijibu Aliko bila kuinua kichwa. Alikuwa akipangusa tochi yake kwa kitambaa kikavu. Kwa kukata chuma iko vizuri tu, aliongeza. Hata kupasha joto. Ila kuunga bati jembamba la ekzosi, hapana. Ule moto wake unaharibu pale pa kuungia, panakuwa na vitundu, baada ya wiki bajaji inarudi inanguruma. Asetilini inaunga safi.

— Haya, ameshachagua! alisema Anyisile. Asetilini. Kunyweni kahawa muende.

— Taratibu mama. Je, inaua?

Aliyeuliza alikuwa Wilson, muuza mawese, ambaye hakai mahali bila dumu lake miguuni. Jina lake la kijiweni ni Dawa. Kwa Wilson, bawaba ikilia ni mawese, mnyororo wa baiskeli ukikaza ni mawese, mtoto akikohoa ni mawese na chumvi. Na tusimseme peke yake, maana Kyela yote tumelelewa hivyo. Mgeni akija tunapaka hata kochi.

— Ukiichezea inaua, alisema Aliko. Haitaki kulazwa. Haitaki kufunguliwa kupita alama nyekundu. Haitaki bomba la shaba. Ukiiheshimu, inafanya kazi.

— Umesikia? Haitaki, haitaki, haitaki! Mke wa namna hiyo ungemuoa? alisema Wilson. Rudi kwenye kabaidi, mdogo wangu. Kabaidi ni kitu cha asili, ni jiwe! Watu wanaivishia ndizi, na ndizi tunakula. Kitu kinachoivisha ndizi kitamuuaje mtu?

— Kimeivisha nyusi zake, alisema Anyisile.

Hebroni alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Anyisile hakucheka. Alikuwa na watoto watatu shuleni na mume mmoja tu, na huyo mume alikuwa akiinamia mitungi huku watu wazima wakibishania ndizi.

— Mnakosea wote, alisema Mzee Lameck, akainua kidole, na mtu akiona kile kidole anajua asubuhi imekwisha. Gesi ya jikoni ina tabia moja: ni nzito. Ikivuja inashuka chini. Kweli au uongo, fundi?

— Kweli. Inatambaa chini, inajikusanya kwenye mashimo. Ndiyo maana haifai kuitumia karibu na shimo.

— Basi! Tuchimbe shimo!

— Mzee, nimesema haifai...

— Tulia, kijana. Tunachimba shimo refu. Gesi inavuja, inashuka, inashika njia ya maji. Maji ya hapa yanaenda wapi? Ziwani. Kwa hiyo gesi yote inatoka Kyela salama, inaenda ziwani huko. Maji yakifika shingoni hayana budi kuogelewa.

— Noma! alisema Hebroni. Halafu mvuvi wa Matema anawasha taa yake ya kuvulia, ziwa linawaka, usipa wanatoka wameshakaangwa!

— Na upepo ukigeuka? aliuliza Wilson.

— Ukigeuka unaelekea Malawi. Wataandika barua.

— Barua itakuja kwa nani? Kwako wewe Katiba?

— Nitaijibu.

Aliko aliweka tochi chini. Anyisile alimwona akivuta pumzi kwa pua, jinsi anavyofanya akitaka kusema neno ambalo baadaye ataliombea radhi kanisani. Alimjua. Mume wake si mzembe. Ni mtu ambaye ukimwacha na kazi yake anapima mara mbili. Ila ukimpigia kelele anaanza kukimbilia kumaliza ili kelele ziishe, na hapo ndipo anapokosea. Hata Alhamisi walikuwa wakimpigia kelele za mpira.

— Naenda kununua vibano vya mipira ya gesi, alisema. Nikirudi nawasha. Msiguse kitu.

— Hatugusi, fundi. Sisi watoto?

Aliondoka, na kabla mgongo wake haujapotea kwenye kona ya duka la mbolea, watu wazima walishasimama.

— Tumsaidie kidogo, alisema Hebroni. Nimebeba hii mitungi mpaka Tunduma, kufunga saa zake ndiyo initoe jasho? Lete hiyo spana.

— Amesema msiguse, Injinia, alisema Anyisile.

— Mama Tusajigwe, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Methali hiyo iliingiaje hapo hakuna ajuaye. Hebroni alichukua regyuleta, ile yenye saa mbili za kupimia presha, akaanza na mtungi wa asetilini. Nati ikamkatalia. Alizungusha, ikateleza, akazungusha tena, ikateleza. Nati za gesi inayowaka hufungwa kinyume, kushoto, kwa makusudi kabisa ili mtu wa aina ya Hebroni asizifunge. Hilo hakulijua. Anyisile alipaza sauti:

— Achana na huo! Huo ndio unaoua!

— Mama ana haki, alisema Mzee Lameck kwa uzito. Huo ni hatari, uacheni. Fungeni huu mweusi. Huu una nini?

— Oksijeni, alijibu Hebroni.

— Ambayo ni nini?

— Hewa, mzee. Hewa tu. Hata wagonjwa wanapewa hospitali.

— Kama mgonjwa anapewa, mzima itamfanya nini? Funga.

Na Anyisile mwenyewe, Mungu amsamehe, alipumua kwa nafuu. Hewa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile walikuwa wamekubaliana kugusa kitu kisichoua. Alirudi kwenye mihogo yake, akawa anaigeuza kwenye karai, sikio moja likibaki kwao.

— Inakaza, alisema Hebroni, ambaye alishachukua regyuleta ya pili. Ina kutu kidogo hapa.

— Unakwenda kavukavu, ndiyo shida yenu vijana, alisema Wilson. Alishafungua dumu. Alichovya kidole, akapaka nyuzi za nati kwa mapenzi, akazunguka mara ya pili, na tone likadondoka ndani ya mdomo wa koki. Sasa zungusha, alisema.

— Duh! Inaingia yenyewe!

— Dawa ni dawa.

— Kaza zaidi, aliamuru Mzee Lameck. Zaidi. Hapo. Mama Tusajigwe, njoo uone kazi ya wanaume!

Alikuja, akaona. Regyuleta imekaa wima, saa zake zinatazama mbele. Shingoni mwa mtungi mawese yalikuwa yametiririka, yamechafua, na yeye hapendi uchafu kwenye vitu vya mumewe. Alitoa kitambaa begani, kilekile cha kushikia karai, akafuta shingo, akafuta koki, akafuta nati pande zote, mpaka chuma cheusi kikang'aa. Alijisikia vizuri. Alifikiri: Baba Tusajigwe akirudi ataona kwamba hata sisi tunamjali.

Aliko alirudi na vibano vyake, na nyuma yake amefuatana na mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kipya cha njano, amekunja uso kwa jua. Alikuwa ameegesha guta la mizigo, la injini, barabarani. Ekzosi yake imening'inia kwa kipande cha kamba ya mgomba.

— Huyu ni dada Nancy, anatokea njia ya Matema na magunia ya mchele, anawahi mpakani Kasumulu, alisema Aliko. Namuungia sasa hivi. Nani amefunga hii?

— Sisi! walijibu kwa pamoja, vifua mbele.

Anyisile aliona mabega ya Aliko yakishuka. Alikuwa amechoka kugombana nao.

— Haya. Angalau si asetilini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Mzee Lameck akimsogelea Nancy na kikombe kitupu. Karibu kijiweni, dada. Mwenyeji wako mimi bado sijapona, ninunulie kahawa.

— Asante baba. Mnapatana kweli? Nimesikia kelele zenu tangu barabarani.

— Tunachagua gesi. Kazi ngumu hiyo! Wewe ungechagua ipi? Asetilini, ya jikoni, au kabaidi?

— Au ya kinyesi cha nguruwe, aliongeza Hebroni. Kuna jamaa yangu anapikia hiyo. Tukichimba lile shimo la Mzee, tunaweka na nguruwe juu, gesi inashuka yenyewe, fundi anaunga huku anakula kitimoto!

— Na maganda ya kokoa, alisema Wilson. Yakioza yanatoa joto, mimi nimeyashika. Joto ni gesi iliyolala.

Aliko alifanya kazi katikati ya maneno hayo. Alifunga nati ya asetilini kushoto, mara moja, ikakaa. Alifunga mpira mwekundu kwa kibano. Alipaka maji ya sabuni kwenye viungio vya asetilini, akachuchumaa akingoja povu, maana povu ni gesi inavuja. Hakuna povu. Akapaka tena. Anyisile alimtazama akiwa ameshika mikono kifuani, na kwa kila kitu alichokifanya mumewe kwa uangalifu moyo wake ulilegea kidogo. Hivi ndivyo alivyotaka. Mtu anaiogopa gesi yake, basi.

— Fundi, fanya haraka, alisema Nancy. Mpakani wananisubiri.

— Wamsubiri, haraka haraka haina baraka! alisema Mzee Lameck.

— Baba nyamaza! alisema Anyisile, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Mnyamaze wote! Tangu asubuhi mnasema, mnasema, na hakuna hata mmoja anayejua kitu! Mwacheni mume wangu awashe!

Alikuwa hajawahi kumpigia kelele mzee. Aliko alimtazama, akatabasamu kwa uso ule usio na nyusi, akasogea kwenye mtungi mweusi ili aanze na oksijeni. Nancy, katika kumpisha, alishika shingo ya mtungi asije akajikwaa kwenye mpira, kisha akajipangusa mkono kwenye kitenge.

— Ah! alisema. Ah, jamani! Kitenge changu!

Kiunoni, juu ya njano, palikuwa na vidole vinne vyekundu.

— Haya mafuta huku ni ya nini? Nani amepaka mafuta hapa?

Mkono wa Aliko ulikuwa tayari juu ya koki. Vidole vilishaikumbata. Anyisile aliviona vikisimama, halafu vikifunguka kimoja kimoja, polepole sana, na mkono ukarudi nyuma hewani mpaka ukafika kifuani kwake. Aliko aliinama. Alitazama nati. Alinusa.

— Mawese, alisema.

Aligeukia benchi.

— Nimeuliza? Hapana, dada ameuliza. Nani?

Wilson alilisukuma dumu nyuma ya miguu yake kwa kisigino. Hebroni aliona kitu cha maana sana kwenye kucha zake. Mzee Lameck, mwenye hukumu ya kila jambo, alitazama mashine ya kukoboa mpunga.

— Mimi nilifuta, alisema Anyisile. Alishika kitambaa mkononi. Kilikuwa kizito. Nilifuta vizuri, ing'ae.

Aliko alimwangalia, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

— Mama Tusajigwe, alisema kwa sauti ya chini. Oksijeni na mafuta havikutani. Ningefungua hii koki, ile presha ingepiga hapo kwenye mafuta, yangewaka yenyewe. Bila kiberiti. Hiki chuma chote kingenipasukia usoni.

— Lakini si walisema... si ni hewa tu?

— Walisema nani?

Anyisile alikaa kwenye benchi, upande ule wa mguu mfupi, na benchi likainama naye. Alikuwa hajawahi kukaa hapo tangu lilipochomelewa. Alifikiri juu ya kile kitambaa, jinsi alivyozunguka nati pande zote, kwa upendo, kama mtu anayempangusa mtoto uso asubuhi ya Jumapili.

Aliko aliwapungia mkono wote watoke, na walitoka mbio, pamoja na Mzee Lameck aliyesahau kwamba ana mguu unaouma. Kisha akasimama barabarani kati yao.

— Leo siwashi kitu. Regyuleta hii ni ya kutupa, mtungi unarudi Mbeya ulikotoka, wautazame wanaojua kuusafisha. Dada Nancy, unisamehe. Nitakufungia ekzosi kwa waya, ufike mpakani polepole.

— Bwana apewe sifa tumepona, alisema Mzee Lameck, rangi ikianza kumrudia. Ndiyo maana nilisema mapema, mgeni njoo mwenyeji...

— Baba, alisema Anyisile.

Nancy alikuwa bado anasugua kitenge. Doa lilikuwa linazidi kutanuka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, si kwa ubaya, kama mtu aliyepotea njia anavyowatazama wenyeji.

— Samahani, mimi mgeni, alisema. Nimewasikia hapa mkitaja asetilini, sijui ya jikoni, sijui kabaidi, sijui ya nguruwe. Sasa hii iliyotaka kutuua, ilikuwa ipi kati ya hizo?

Injinia alimtazama Katiba. Katiba alimtazama Dawa. Dawa alilitazama dumu lake.

Anyisile aliinuka. Hakutaka kukaa na kile kitambaa hata dakika moja zaidi, akakitupa jikoni juu ya makaa. Kilishika palepale, moto ukapanda kupita birika, kupita kichwa chake, ukitoa moshi mweusi, na wote wakaruka nyuma. Na hapo palikuwa na hewa ya kawaida tu, hii hii ya Kyela.

Kahawa ilibaki kwenye birika. Hakuna aliyeiomba.